Anzia Ukutani: Kuunga Kompyuta ya Kwanza Lubumbashi kwa Dola 400

Karibu kila orodha ya vifaa vya kompyuta ya bei nafuu inayozunguka mtandaoni huanza na prosesa (ubongo wa mashine), ikafuata kadi ya grafiki, na pawasaplai (kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani) hutupwa chini kabisa pamoja na kasha, kwa pesa zitakazobaki. Walioandika orodha hizo wanaishi mahali ambapo hakuna anayeuliza umeme utarudi saa ngapi. Lubumbashi tunauliza kila siku. Kwa hiyo nilipoamua kuunga mashine yangu ya kwanza, nilipanga orodha kuanzia ukutani kuja ndani: kwanza umeme wenyewe, halafu kitakachoupokea, ndipo prosesa na wenzake. Nilikuwa na dola 400, na kioo cha kompyuta nilikuwa nacho tayari. Kazi yangu ni kuhariri video za kwaya na za harusi, kutengeneza mialiko, na mara mojamoja mabango ya wenye maduka huku mtaani Katuba. Michezo ni ya mdogo wangu, na yeye hakuchangia hata faranga.

Mama aliuliza swali la maana kuliko yote kabla sijatoka nyumbani: "Mwanangu, laptopu iko na batri. Hiyo yako, umeme ukienda nayo inakufa. Sasa?" Ni swali la haki. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, aliyepanga chumba ambako umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri, hata leo ningemwambia anunue laptopu ya mtumba. Chaja yake ni ya wati 45 au 65, na popote penye jenereta atapata pa kuchomeka. Mimi nahariri kwa saa nyingi mfululizo, na laptopu za bei yangu hupandwa na joto mpaka zinajipunguzia kasi zenyewe. Tena nyingi za siku hizi RAM yake (kumbukumbu ya muda) imechomelewa kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote. Ikifa, ubao mzima unaingia matatani. Kompyuta ya mezani kinachokufa kinachomolewa, kingine kinachomekwa. Katika mji ambako kifaa kilichotoka Dubai hakirudishwi Dubai kwa garanti, hilo lina thamani yake.

Basi tuanze na ukuta. Umeme wa bwawa la Inga husafiri kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi, kwa njia iliyowashwa mwaka 1982 na iliyojengwa hasa kwa ajili ya migodi. Lakini zinazoua kompyuta ni zile mita chache za mwisho, kutoka nguzo ya mtaa mpaka kwenye soketi ya chumbani. Kwa hesabu ya karatasi tuna volti 220. Jioni, mtaa mzima unapowasha majiko ya umeme kusonga bukari (ugali wetu), mimi nimepima kwa multimita nikaona 170. Kisha umeme unakatika, na ukirudi unarudi kwa kishindo.

Hapo ndipo maandishi madogo ya pawasaplai yanapokuwa na maana. Tafuta neno "Input" kwenye kibandiko. Zipo zilizoandikwa 200-240V, na zipo zilizoandikwa 100-240V. Wengi hudhani hiyo ya pili ni kwa ajili ya msafiri wa kwenda Marekani. Kwetu ni kwa ajili ya saa ya bukari: pawasaplai ya 100-240V ikiona 170 haishtuki, inaendelea na kazi, ile ya 200-240V inaweza kuzima mashine katikati ya faili. Zipo pia za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Ukinunua mashine iliyotoka Marekani, angalia swichi hiyo kabla hujachomeka chochote. Ikiwa imekaa 115 na wewe ukaipa volti za kwetu, mlio utausikia na moshi utauona, na pengine pawasaplai haitakufa peke yake.

Jambo la pili kwenye kibandiko hicho ni jedwali. Kuna aina moja inayouzwa sana hapa mjini, ya kasha jepesi la bati tupu, ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza. Ukiishika mkononi unashangaa wepesi wake. Geuza usome safu ya 12V: utakuta 16A. Zidisha 12 kwa 16, unapata 192. Hizo ndizo wati unazonunua kweli, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki za siku hizi hula karibu chakula chao chote kutoka kwenye 12V. Zilizobaki kwenye ile 500 ni hesabu za 3.3V na 5V, ambazo mashine mpya haizihitaji kwa wingi, au ni wino tu. Muuzaji aliponiona nazidisha kwenye simu alicheka, akasema, "Yaya, batu banaangaliaka namba kubwa." (Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa.) Namuelewa. Kitu kizito hulipia barabara: kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka kwetu ni karibu kilomita 2,000, Tunduma, Zambia yote, halafu mpakani Kasumbalesa. Chuma kilichotolewa ndani ya pawasaplai ni faida kwa kila aliyeibeba njiani.

Nilichukua ya wati 450, mpya, yenye alama ya 80 Plus Bronze, yenye 12V ya kutosha wati zote hizo. Alama hiyo kwa yenyewe inahusu ufanisi, yaani umeme usiopotea kuwa joto, haiapi kwamba kifaa ni imara. Lakini ni vigumu kupata alama hiyo kwa vifaa vya hovyo, na kwa hiyo inachuja. Kama mfuko wako unaruhusu mambo mapya mawili tu na mengine yote yawe ya mtumba, mambo hayo yawe pawasaplai na SSD (diski isiyozunguka).

Baada ya hapo, UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Na hapa watu huchanganya VA (volti mara ampea) na wati. UPS ndogo ya 650 VA huwa inabeba wati zisizofika 400, na ndani yake mara nyingi mna betri moja ya volti 12 na 7Ah, ambayo ni kama watisaa 84 kwa karatasi, pungufu kwa uhalisia. Huwezi kuhariri harusi kwa watisaa 84. Unachonunua ni dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Chukua ile inayorekebisha volti zenyewe bila kugusa betri, ile inayotoa mlio wa "tak" jioni volti zikishuka. Isiyo na kirekebishaji hicho itakimbilia betri kila saa ya bukari na betri itachoka kabla ya mwaka.

Kuna kitu kinanifurahisha katika uhusiano wa vifaa hivi viwili. UPS ya kawaida, umeme ukikatika, huhitaji milisekunde chache kuhamia kwenye betri. Katika mwanya huo hakuna umeme kabisa. Pawasaplai nzuri ina kapasita kubwa ambayo hushikilia mashine kwa karibu milisekunde 16 hata mlango wa umeme ukiwa umefungwa. Pawasaplai ya bati jepesi imepunguziwa hiyo kapasita. Ndiyo maana utamsikia mtu analalamika kwamba UPS yake "haifanyi kazi", mashine inajizima kila umeme ukienda, naye anabadilisha UPS kila mara. UPS haina kosa.

Mpaka hapo zaidi ya robo ya pesa yangu ilikuwa imekwenda na sijagusa prosesa. Mdogo wangu aliona ni wazimu.

Yeye alikuwa na mpango wake, na si mpango wa kijinga, kwa hiyo niueleze. Kuna vifurushi vinavyotoka China: ubao mama mpya wa X99, prosesa ya Xeon iliyotolewa kwenye seva, na RAM za seva, vyote pamoja kwa bei ya kutupa. Prosesa yenyewe, kwa mfano Xeon E5-2670 v3 ya mwaka 2014, ina kori 12, yaani viini 12 vinavyofanya kazi kwa pamoja. Kori 12! Kwa kuhariri video, karatasini, ni ndoto. Sasa irudishe ukutani. Prosesa hiyo ni ya wati 120. Haina grafiki ya ndani, kwa hiyo lazima ununue kadi, na kadi ambayo mdogo wangu aliipenda ni RX 580, ya wati 185. Mbili hizo peke yake zinavuka 300. Ile UPS ya 650 VA ingepiga kelele na kukata roho kabla sijafika kwenye kitufe cha kuhifadhi. Na ubao mama wenyewe huwa umeundwa kwa chipu zilizokwisha kutumika, hauna kampuni ya kuulizia BIOS (programu ya ubao inayoiwasha mashine), na ukifa, hapa mjini hakuna wa pili wa kufanana nao. Mji wenye umeme wa uhakika ningekubali. Katuba, hapana.

Kulikuwa na mpango wa tatu, ambao nausifu bila kuufuata: mashine za ofisi za mtumba zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mwenye dola 150 asihangaike na kuunga chochote, achukue moja ya hizo, aongeze SSD, aende kazini. Mambo mawili tu ayaangalie. La kwanza ni kizazi cha prosesa: Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo i5-6500, ya kizazi cha 6, inayong'aa kwenye meza ya muuzaji ni ya mtu aliyejiandaa kutumia Linux. La pili ni kwamba nyingi kati ya mashine hizo pawasaplai yake si ya kawaida. Plagi zake ndani ni za kampuni hiyo peke yake, umbo lake pia. Ikiungua, pawasaplai ya dukani haiingii. Kwa mtu aliyeanzia ukutani kama mimi, hilo lilitosha kuifuta.

Nikabaki na soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa za AMD kwenye ubao mama. Wengine watasema imezeeka, na ni kweli AMD ilishahamia AM5. Uzee huo ndio nilioutaka. Soketi hiyo ilibeba Ryzen za kwanza za 2017 mpaka familia ya 5000, kwa hiyo mbao zake zimejaa kwenye mitumba, prosesa zake zimejaa, na mafundi wa Kenya wanazijua. (Kenya mtaa wa Lubumbashi, siyo nchi.) Kwa upande wa Intel ningeridhika na Core i3-12100, kori 4 lakini zenye kasi, ila mbao zake hapa zilikuwa bado za bei ya mpya.

Nilichochagua ni Ryzen 5 5600G. Kori 6, na ile G mwishoni ndiyo iliyonileta: ina grafiki ndani yake, sihitaji kadi. Kwenye AM4 isiyo na G kwa kawaida haina picha kabisa mpaka uongeze kadi. Kwa Intel herufi ya kuogopa ni F: i5-10400 ina grafiki ya ndani, i5-10400F haina. Nimeona mtu anauziwa prosesa ya F pamoja na ubao wenye tundu la HDMI, akiamini kwamba tundu likiwepo picha itatoka. Tundu ni mlango tu, anayepita mlangoni yuko ndani ya prosesa. AMD imeiandika 5600G kuwa ya wati 65, ingawa ikikazwa huachiwa mpaka 88. Mashine yangu nzima bila kioo ni vigumu ivuke wati 130 hata inapotoa video, na ninapoandika tu inashuka chini sana ya hapo. UPS inapumua.

Prosesa na ubao mama wa B450, wa soketi hiyo ya AM4, nilivinunua pamoja, mtumba, kwa kijana mmoja katikati ya mji. Hapa ndipo sikuwa na haraka hata kidogo. Prosesa za AM4 zina miguu kwa chini, 1,331, myembamba kama nywele, na mmoja ukipinda mashine inaweza isiwake au ikawaka na kukosa RAM moja. Usiitazame kutoka juu. Ishike kwa kingo, ielekeze kwenye dirisha, iinamishe mpaka macho yako yawe usawa wa miguu: safu zote lazima zinyooke kama mistari ya mahindi shambani, kwa urefu na kwa upana, na hata kwa mshazari. Mguu uliopinda unaonekana mara moja kwa sababu unaivunja mistari hiyo. Kisha piga picha kwa simu, uikuze, utazame tena. Kwa Intel geuza hesabu: miguu iko kwenye ubao, ndani ya soketi, na huko ndiko kwa kumulika tochi, kwa sababu aliyepoteza kile kifuniko cha plastiki huenda alipitisha kidole.

"Washa nione," nikamwambia.

"Umeme hakuna, yaya. Ngoja bawashe jenereta. Lakini iko nzuri, minakuambia, ilitoka tu juzi."

Nikangoja. Sababu ya kung'ang'ania ni BIOS. Ubao wa B450 ulitoka mwaka 2018, prosesa yangu ya 2021. Ubao ambao haujawahi kusasishwa hauitambui prosesa hiyo, feni zitazunguka na kioo kitabaki cheusi, na dawa yake ni kupata prosesa ya zamani, kuwasha nayo, kusasisha BIOS, halafu kurudisha mpya. Nyumbani huna prosesa ya zamani. Muuzaji anazo droo nzima. Kwa hiyo kazi hiyo imalizike kwake. Na usasishaji wenyewe usifanyike bila UPS: umeme ukikatika katikati ya BIOS, ubao mama mwingi unabaki bati.

Jenereta ikawashwa, picha ikatoka, tukafika kwenye pesa, na hapo yeye naye akachukua muda wake. Aliinua kila noti ya dola kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye kingo, na moja akanirudishia kwa sababu ilikuwa na mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele. Anayekwenda kununua vifaa na abebe noti safi za ziada. Chenji itarudi kwa faranga, kwa kiwango ambacho muuzaji amekipenda asubuhi hiyo.

Bado niko kwa prosesa kidogo. Ukitoa feni ya AM4 ya zamani usiivute moja kwa moja juu. Ile grisi iliyo kati yake na prosesa ikikauka inakuwa gundi, na prosesa hung'oka pamoja na feni huku soketi imefungwa. Miguu hupindia hapo. Washa mashine dakika chache ipate joto, zima, izungushe feni kushoto kulia taratibu mpaka isalimu amri, ndipo uinue.

RAM. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, kwa hiyo upana wa njia ya RAM ndio kasi yake. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye njia yake, 51.2. Kwa hiyo 8 na 8, kamwe si 16 moja, ukiwa na prosesa ya G. Na viingie tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ndivyo mbao nyingi zenye matundu manne zinavyotaka, na kijitabu cha ubao kitakuambia. Mitumba ya RAM ina mtego mmoja: RAM za seva. Zinauzwa nusu ya bei na kwa umbo zinaingia vizuri. Soma kibandiko. Palipoandikwa mfano PC4-2400T kisha kistari na herufi U, ni ya kompyuta ya kawaida. Ikiwa ni R, ni ya seva, na ubao wako hautawaka nayo. Zangu nilizipata kabla bei hazijapanda. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imeruka duniani kote kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mashine za akili bandia, kwa hiyo anayeanza leo aiwekee fungu kubwa zaidi, na kama lazima kitu kingoje, basi aanze na kijiti kimoja cha 8 na aache tundu la pili kwa mwezi ujao.

SSD nilinunua mpya, gigabaiti 500. Usihangaike sana kuchagua kati ya SATA na NVMe (njia mbili za kuunga diski, NVMe ikiwa ya kasi zaidi) kwa sababu ya kasi iliyoandikwa boksini; SATA ya megabaiti 550 kwa sekunde tayari ni dunia nyingine ukitoka kwenye diski ya kuzunguka. Angalia tu kwamba umbo la M.2, kile kijiti bapa kinachochomekwa kwenye ubao, halimaanishi NVMe: kuna M.2 za SATA, na kuna mbao zisizozikubali. Kuliko kasi, mimi huogopa uongo. Zipo SSD na flashi zinazojitambulisha kuwa na terabaiti 2 huku ndani mna sehemu ndogo tu ya hapo; unajaza video, zinapokea bila kulalamika, halafu unafungua na kukuta takataka. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au f3 kwa Linux, hujaza diski yote kisha inasoma upya ilichoandika. Fanya hivyo siku ya kwanza, siku ambayo muuzaji bado anakukumbuka uso.

Diski kubwa ya kuzunguka kwa ajili ya kuhifadhi harusi za zamani nilichukua ya mtumba, baada ya kuitazama kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski inayoonyesha saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne bila kulala, na hiyo kwa kawaida imetoka kwenye kamera za ulinzi. Haina maana itakufa kesho. Ina maana bei ishuke.

Kasha: lolote la kawaida lenye nafasi ya hewa mbele na kichujio kinachooshwa. Kuanzia Mei mpaka mvua zifike, vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye sukari. Weka feni ya kuingiza mbele nyuma ya kichujio, na usiweke nyingi za kutoa kuliko za kuingiza, maana hewa itakayokosekana itaingia kupitia kila ufa usio na kichujio.

Mambo madogo yanayokula siku: vifaa vilivyopitia Zambia huja na plagi ya miguu mitatu bapa, na adapta za bei rahisi za kuibadilisha hupata moto, nunua waya mwingine wenye plagi yetu ya mviringo. Kibodi zinazotoka Dubai ni za QWERTY, na aliyesoma kwa AZERTY atakosea neno la siri kwa wiki nzima. Na ukigusa kasha ukahisi mwili unawashwa kidogo, hujarogwa. Soketi yako haina waya wa ardhi, na umeme mdogo unaovuja kwenye kichujio cha pawasaplai hauna pa kwenda. Mji mzima umejengwa juu ya shaba, na nyumba nyingi nilizoingia hazina hata fimbo moja ya shaba iliyozikwa ardhini. Fundi umeme anaiweka kwa mchana mmoja. Radi za Desemba zikianza, fimbo au si fimbo, mimi nachomoa kila kitu.

Kuhusu programu sitasema mengi. Niliweka Linux Mint kwanza kwa sababu faili yake ni karibu gigabaiti 3 na rafiki alikuwa nayo kwenye flashi. Kdenlive inaikata video ya kwaya vizuri, hasa ukiiambia itumie nakala ndogo wakati wa kuhariri na ile kubwa mwishoni. Windows 11 iko kwenye sehemu nyingine ya diski kwa ajili ya wateja wanaoleta kazi zao tayari. Ukitumia Windows kwa bando la simu, mara tu baada ya kuiweka ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, la sivyo masasisho yatakula megabaiti zote usiku mmoja.

Mdogo wangu bado anadai kadi ya grafiki, na nimekubali kwamba siku moja itaingia. Itakuwa aina kama GTX 1650, wati 75, kwa sababu tundu la kadi kwenye ubao hutoa mpaka wati 75 peke yake na matoleo mengi ya kadi hiyo hayadai waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Pawasaplai haitashtuka, UPS itapungukiwa dakika chache tu, na Kdenlive itapata msaada wa kutoa video. Yeye ameshaanza kuulizia bei kwa madereva wa Kasumbalesa. Nimempa sharti moja, kadi iwashwe mbele yake kwa nusu saa na mchezo mzito, akiwa ameiwekea mkono nyuma kusikia joto, kabla hata noti moja haijatoka mfukoni.